Mkaratusi wa Baba Mkwe

Pua yangu ndiyo iliyonipatia kazi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia niliwahi kufanya kazi kwa Bwana Miti, enzi za Mwingereza, hudhani nilikuwa nafagia ofisi au nawapikia vibarua. Sikufagia na sikupika. Nilikuwa nanusa majani, na nilinusa vizuri kuliko mtu yeyote pale kijijini kwetu Mgori, wala sioni sababu ya kujishusha kwa jambo ambalo kila mtu alilijua.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Bwana Miti lilikuwa jina la cheo. Kila Mzungu aliyeletwa kusimamia misitu aliitwa hivyo, na akiondoka jina linabaki likimngoja mwingine. Huyu wa kwetu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye haraka, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, maana sisi nyumbani tulisema Kinyaturu, na Kiswahili tulikitoa mnadani na mbele ya serikali.

Bwana Miti aliyemtangulia alikuwa amegawa miche ya mikaratusi katika kaya, na watu waliipanda kwa sababu hakuna aliyetaka maneno na serikali. Mingi ililiwa na mchwa. Iliyobaki ilikua mikubwa, mmoja kwenye kaya hii, miwili kwenye ile, nayo ilikuwa ya aina ambayo jani lake likifikichwa hutoa harufu ya ndimu. Huyu wa kwetu ndiye aliyekuja na wazo la mafuta. Alisema kwao mafuta ya jani lile hutiwa kwenye sabuni na manukato. Akajenga mtambo wake karibu na kitalu: pipa kubwa la chuma juu ya moto, ndani yake maji kidogo na majani tele, na juu bomba la shaba lililopinda na kupita kwenye birika la maji baridi. Mvuke ukiingia bombani unapoa, unarudi kuwa maji, unadondoka chupani. Juu ya maji yale panaelea mafuta membamba, ya rangi ya mkojo wa ndama, na harufu yake inapanda kichwani mpaka machozi yanatoka.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake waliobeba majani kuyapeleka mtamboni. Siku ya kwanza nilipoona mafuta yakielea nilisahau hata kutua mzigo. Nilitaka kujua yalikuwa yamejificha wapi. Nilichuma jani, nikalichana, nikalilamba, kisha nikaliinua juani, na hapo nikaona vitone vidogo vya mwanga vimetapakaa jani zima kama limechomwachomwa na sindano. Nikamwonyesha mume wangu. Alikuwa nyapara wa kitalu, mtu wa maneno machache, aliyevua viatu akiingia kwenye miche yake. Akalitazama lile jani kwa muda mrefu, akasema, "Basi kila kitone ni kibuyu chake." Siku ile nilimpenda kuliko siku aliyonioa.

Baada ya hapo sikuweza kupita mkaratusi bila kuuchuma jani. Niligundua kwamba miti ile haikuwa sawa. Kwa macho ilifanana, lakini mmoja ulinukia ndimu tupu, mwingine ndimu iliyochanganyika na moshi, mwingine ulikuwa na harufu ya maji yaliyooshea sufuria. Nikaanza kumwambia mchochea moto, "Pipa hili halitatoa kitu," au, "Leo tafuta chupa kubwa." Mwanzoni alinicheka. Kufikia wiki ya tatu aliacha, na habari zikamfikia Bwana Miti.

Bwana Miti hakuwa mtu wa kuamini maneno. Alifunga majani ya miti kumi kwenye vitambaa kumi, akavipanga mezani, akaniambia nivipange tena, kuanzia wenye mafuta mengi mpaka wenye mafuta kidogo. Vibarua wote waliacha kazi kuja kutazama. Nilifikicha, nikanusa, na kila baada ya vitambaa vitatu nilitoka nje kunusa kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu pua huchoka, na hakuna kitu kinachoirudisha pua ya Mnyaturu nyumbani haraka kama zizi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bwana Miti hakucheka. Alikeneka mtamboni majani ya vile vitambaa kimoja kimoja kwa siku kumi, na matokeo yakafuata mpango wangu, isipokuwa miti miwili ya katikati niliyoibadilishana. Mpaka leo miwili ile inaniudhi.

Tangu siku hiyo nikawa naitwa mama wa pua. Bwana Miti akanieleza mpango wake, na nikiri kwamba sikulala vizuri kwa furaha ya kuufikiria. Tutachagua miti mama, alisema, ile yenye mafuta mengi kuliko yote. Tutachuma mbegu zake tu, tutaotesha, tutapanda shamba. Watoto watakua, tutawanusa, tutachagua wale bora, tutachuma mbegu zao. Na hivyo hivyo. Nilimwambia hiyo si kazi ngeni. Wazee wetu wanafanya hivyo kwa ng'ombe. Akasema, "Ndiyo, lakini ng'ombe hawanukii hivi."

Sasa nimlete baba mkwe, kwa sababu bila yeye hadithi hii ingekuwa fupi na nzuri.

Baba mkwe alikuwa mzee mwenye ng'ombe wengi, mizinga mingi na sauti kubwa. Alivuta ugoro tangu ujana, na kila alipomaliza kuvuta alipiga chafya tatu ambazo kaya nzima ilizihesabu. Katika ukoo ule mke wa mtoto hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Hataji jina lake, hamtazami machoni, na kitu cha baba mkwe hakitiwi doa mbele za watu, kiwe fahali, kiwe fimbo. Likiwepo jambo la lazima, utamwambia mama mkwe, au utaliambia jiwe, chungu, mbuzi, kitu chochote kilicho karibu, naye atasikia na kulijibu jiwe lile lile. Mgeni angetuona angedhani sisi ni wendawazimu, lakini sisi tulielewana vizuri tu. Kwa miaka sita niliyokuwa nimekaa kwake, sikuwahi kumwambia neno lolote moja kwa moja.

Na baba mkwe alikuwa na mkaratusi. Ulisimama nyuma ya tembe lake, umenyooka, mrefu kuliko yote, shina lake laini na jeupe. Aliupenda waziwazi. Mgeni akija, kabla hajapewa kigoda, baba mkwe huvuta jani, hulifikicha, humpa. "Nusa." Na mgeni husema, "Unanukia, mzee." Nilikuwa nimesikia maneno hayo mara nyingi sana, na mwenyewe sikuwahi kuunusa, kwa sababu mke wa mtoto hachumi mti wa baba mkwe.

Siku ya kuchagua miti mama tulizunguka kaya kwa kaya: Bwana Miti, mume wangu na ndoo ya chokaa, na mimi na pua yangu. Mti niliousema kuwa mzuri ulizungushiwa utepe wa chokaa. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, maji ya kupozea bomba hayakupatikana, na mtambo ulikuwa umezimwa. Kwa hiyo Bwana Miti alisema tutafuata pua. Mti bora kuliko yote tuliukuta kwa mama mmoja mjane, kando ya banda la mbuzi. Ulikuwa umepinda vibaya, mbuzi walikuwa wameutafuna ukiwa mdogo, na mtu asiyejua angeukata kuni. Nilipofikicha jani lake macho yalinitoka maji. Niliomba nilinuse tena, si kwa kazi, kwa raha tu. Nilitamani kuona watoto wake kuliko nilivyotamani kitu chochote mwaka ule.

Mwisho tukafika kwa baba mkwe. Alikuwa amewaita majirani, amevaa kanzu. Mti wake ulikuwa umefagiliwa chini. Mume wangu alishusha tawi, nikageuka nikampa baba mkwe mgongo kama ilivyotakiwa, nikafunika kichwa, nikalifikicha jani.

Lilinuka kunguni. Hakukuwa na ndimu hata kidogo. Nilifikicha jingine, nikatamani nimekosea, na lenyewe likanuka kunguni. Nyuma yangu nilimsikia baba mkwe anapumua. Bwana Miti akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Mzuri."

Watu wakashangilia, chokaa ikapakwa, pombe ya mtama ikaletwa. Nilijiambia ni mti mmoja kati ya sita, hautadhuru kitu. Nilikuwa nimemvisha mzee kilemba cha ukoka, kama kila mtu, na sikujua kwamba kilemba hicho kingeota mizizi.

Mbegu za mkaratusi ni ndogo kuliko ulezi. Mume wangu alizitenga kwa mama zake, kila mti na tuta lake, na kila tuta na kijiti chenye alama. Miche ya mti uliopinda ilichelewa kuota, ikawa michache, imesinyaa. Miche ya baba mkwe ilitoka yote, ikakimbia juu. Baba mkwe alikuja kila asubuhi kuitazama, akiiita wajukuu zake. Mimi nilipita tuta lile nimebana pumzi.

Mvua za kwanza tukapanda shamba, kila mama na mistari yake. Halafu mchwa wakaingia. Walikata miche mingi, hasa ya ule uliopinda, na Bwana Miti akaagiza mapengo yajazwe na miche iliyobaki kitaluni. Na kitaluni kilichobaki ni watoto wa baba mkwe tu. Hivyo wakatawanyika shamba zima. Ningesema siku ile, ingekuwa bado mapema. Nilisimama na jembe mkononi, nikafukia mizizi yao kwa mikono yangu mwenyewe.

Miaka minne ikapita. Miti ikawa mirefu kuliko paa la tembe, ikatoa maua, na mtambo ukawashwa tena. Bwana Miti aliagiza majani yakatwe mstari kwa mstari, kila mstari pipa lake. Alisimama mwenyewe na chupa ya kupimia. Mstari wa kwanza ulitoa mafuta kidogo. Wa pili kidogo. Mistari ya mti uliopinda, iliyokuwa tegemeo letu, ilitoa hata chini ya majani mchanganyiko tuliyokeneka kabla hatujachagua lolote. Wiki nzima alikeneka, na wiki nzima uso wake ulizidi kuwa mwekundu. Mimi sikuhitaji chupa. Nilijua mapipa yale yamejaa nini.

Asubuhi moja akawaita vibarua wote mtamboni. Baba mkwe naye alikuwepo, alikuwa amekuja kuona mafuta ya wajukuu zake. Bwana Miti alizungumza bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema miti mama ilichaguliwa vizuri. Mwenye pua hawezi kukosea kiasi hiki. Basi kosa liko kitaluni. Mtu alichanganya mbegu. Akamtazama mume wangu. "Nyapara, ulizichanganya?"

Mume wangu alivua kofia. Nilimjua, mtu yule angeweza kukuambia kila mche ulitoka mbegu ya mti gani na uliota siku gani. Akasema, "Huenda, bwana."

"Basi huwezi kubaki nyapara. Na shamba hili litakuwa la kuni."

Sikuwahi kusikia hasira kama ile niliyoisikia mwilini mwangu, na haikuwa juu ya Bwana Miti. Nilikimbilia mstari wa karibu, nikachuma tawi la mti mmoja, nikarudi. Baba mkwe alikuwa amesimama pale pale. Sikuweza kumwambia. Nikaligeukia pipa la mtambo, lilikuwa bado na joto, nikapiga moyo konde.

"Pipa," nikasema kwa Kinyaturu, "nisikie. Nyapara hakuchanganya kitu. Mimi nilidanganya. Mkaratusi wa nyumba kubwa unanuka kunguni. Nilinusa, nikajua, nikasema mzuri. Na watoto wake wamejaza mapengo shamba zima."

Bwana Miti akauliza mtu aliye karibu naye kwa nini naongea na pipa. Watu wote walikuwa wanamtazama baba mkwe.

Baba mkwe akalisogelea pipa lile lile. "Pipa," akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, "mwulize mkwe wangu kama ana hakika."

"Pipa, mwambie nina hakika."

Akanyoosha mkono, nikaweka tawi chini, akaliokota. Akafikicha jani, akalisogeza puani, akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena. Nilimtazama kwa pembe ya jicho, na ndipo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliwaza kwa miaka kumi niliyoishi kwake. Uso wake haukubadilika. Alikuwa kama mtu anayeweka sikio kwenye jiwe.

"Mimi sinusi," akasema. "Ugoro ulikula pua yangu zamani, kabla hata mti huu haujapandwa. Ndiyo maana nilimpa kila mgeni jani. Nilikuwa nauliza."

Pale walikuwepo majirani waliokuwa wamenusa mti ule miaka na miaka, na kila mmoja akatafuta pa kuweka macho. Baba mkwe akamgeukia mwanawe.

"Wewe uliotesha. Ulijua?"

Mume wangu alikuwa bado ameshika kofia. "Tangu wiki ya tatu, baba. Nilipong'oa magugu, majani yakaninuka kunguni mikononi."

"Na leo ungefukuzwa kazi."

"Ndiyo, baba."

Nilidhani nakijua kimya cha mume wangu, nimelala nacho, nimekula nacho. Sikukijua. Miaka minne alitunza miche aliyojua haina kitu, akijua mimi nimedanganya, akijua kwa nini, na hakuniuliza hata siku moja. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na mbele ya watu sikuweza lolote kati ya hayo.

Bwana Miti alikuwa amepata mtu wa kumtafsiria. Alikaa juu ya rundo la kuni, akajipangusa uso, akanitazama kwa muda. Sijui alichofikiri. Alichosema ni kwamba nyapara avae kofia yake, na kwamba kama kweli miti mibaya imechanganyika na mizuri, basi itanuswa mmoja mmoja na mibaya yote ikatwe kabla mbegu zake hazijakomaa, na ianze leo.

Mtu akaleta panga. Baba mkwe akalichukua kabla ya vibarua. Mume wangu alijaribu kumzuia, akasukumwa kando.

Tukaingia shambani, mimi mbele, yeye nyuma. Nilinusa, na nikikuta mbaya niliupiga kofi shina, naye akakata. Hatukusema. Watu walitufuata kwa mbali. Mzee alikuwa na nguvu bado, na wajukuu zake walianguka mmoja baada ya mwingine, wamenyooka, weupe, wazuri wa kutazama. Sikuona furaha yoyote kwa kuwa nilikuwa nasema kweli hatimaye.

Katikati ya shamba nikafika kwenye mti ambao bila shaka ulikuwa wake. Ulikuwa na shina lile lile laini, umenyooka kuliko wenzake wote, na umejazia pengo katika mstari wa ule uliopinda, tuliuona wote. Baba mkwe hakungoja. Akainua panga.

Mimi nilikuwa tayari nimefikicha jani. Ndimu ilinipanda kichwani, kali, safi, kali kuliko ya mti uliopinda wenyewe. Nilinusa tena. Nikachuma jani jingine kutoka juu, nikanusa. Sikuelewa. Mama yake ananuka kunguni. Huyu kaipata wapi? Halafu nikakumbuka nyuki wa mizinga ya mzee, wanaotoka kwake kwenda kwenye maua ya mti wa mjane na kurudi na unga wake miguuni, na nikaona kwamba miaka yote ile tulichagua mama tu, na hakuna hata mmoja wetu, watu wa ng'ombe, aliyeuliza baba wa mbegu ni nani.

Hapakuwa na pipa karibu, wala jiwe. Na panga lilikuwa juu.

"Baba," nikasema, "huu uache. Huu ni bora kuliko yote."

Mkono wake ulisimama hewani. Alinigeukia, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nilipoletwa kwake. Nilikuwa na jani mkononi, na jani lile lisingemsaidia kitu.

"Mwanangu," akasema polepole, "unasema kweli, au unaniheshimu?"

Nilimwambia nasema kweli. Alibaki amesimama, ananitazama machoni, kwanza jicho moja, kisha la pili, na mimi sikuinamisha uso. Kisha akashusha panga, akaenda kwenye mti uliofuata.